Kuonja Pombe ya Ulezi

Mpika pombe hodari wa Busawe utamjua anapochota kata ya kwanza, akanusa kabla ya kunywa, kisha akakaa kimya kidogo ndipo aseme neno. Huku Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa Wakurya na Wangoreme, pombe ya nafaka kwa kawaida ni kazi ya akina mama, na mwenye pombe hutangulia kuonja mbele ya wageni. Husemwa kwamba anawaondolea hofu ya sumu. Ni kweli, ila mimi naona kubwa zaidi: hapo anaikagua kazi yake yote, akirudi nyuma kutoka ulimini hadi kwenye punje.

Tuanze na unga. Uwe wa mtama, mahindi au muhogo, hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati. Harufu ya mkate na rangi ya kahawia hutoka hapo. Moto ukizidi, uchungu wa kuungua hung'ang'ania nyuma ya ulimi na hakuna maji ya kuuondoa. Moto ukipungua, pombe inanuka unga mbichi.

Kimea ndicho kinachonishangaza zaidi. Ulezi huloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Kuchipua huko huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, chakula cha chachu, na ulezi ni hodari wa kazi hiyo. Lakini kimea kilichoanikwa siku za mvua huvunda, na mwonjaji mzuri hukinasa puani kabla kata haijafika mdomoni. Hilo si suala la ladha peke yake: kuvu wa nafaka anaweza kuacha sumu ambayo moto wala uchachu hauiondoi. Pombe ya namna hiyo ni ya kumwaga. Mama anayeimwaga, baada ya gharama na jasho lote lile, ana heshima yangu yote.

Si sisi tu tunaoonja kwa pua: wapo watu Ulaya na Marekani wanaopika majumbani mwao bia za mtindo wa Ubelgiji, na wanapoonja hutafuta harufu ya ndizi mbivu na ya karafuu. Harufu hizo huletwa na chachu yenyewe, hasa ikifanya kazi penye joto. Hakuna aliyetia ndizi. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Bia yao ninayoiona ndugu wa karibu na yetu ni lambic ya Brussels na vitongoji vyake: baada ya kuchemshwa hupozwa usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, ikaokota chachu ya hewani, kisha ikalazwa katika mapipa ya mwaloni, nyingine hadi miaka 3. Sisi nasi hatuhitaji chachu ya dukani. Inakuja na kimea, na inaishi katika vyungu vilivyokwisha kupikiwa pombe nyingi.

Tofauti ni muda, na hapo ndipo sanaa ya mwonjaji wa Mara inaponivutia kuliko ya Mbelgiji. Pombe yetu haingoji. Leo ni tamu na bado changa, kesho imeiva, kesho kutwa inaelekea kwenye siki. Anayeionja asubuhi hana budi kukadiria itakavyokuwa wazee watakapoketi jioni, akizingatia joto la siku na wingi wa povu juu ya chungu. Anapima kitu kinachotembea.

Kisha kuna maji ya moto. Wazee wakizunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu, yenye kichujio kilichosukwa nchani, maji huongezwa kila pombe inaposhuka. Joto huinua harufu, na kila nyongeza huizimua ladha kidogo. Pombe iliyopikwa kwa haraka hufifia mapema, ikabaki ukakasi wa pumba. Iliyotulia hustahimili: uchachu wake bado unachangamsha pembe za ulimi, na harufu ya mkate ingali inapanda kwenye mrija. Ikifika maji ya tatu ikiwa hivyo, mimi huuliza kimea kimeoteshwa na nani.