Lahaja na Sheria katika The Bride of Lammermoor

Riwaya ya Walter Scott, The Bride of Lammermoor, iliyotolewa mwaka 1819, kwa kawaida husomwa kama kisa cha mapenzi yaliyoangamizwa na majaaliwa. Edgar, mrithi wa ukoo wa Ravenswood uliofilisika, anampenda Lucy, bintiye Sir William Ashton, mwanasheria aliyeyatwaa mashamba ya ukoo huo. Wapenzi hao wanaahidiana kando ya chemchemi na kugawana sarafu ya dhahabu iliyokatwa vipande viwili. Mamake Lucy anaipinga posa hiyo, anazizuia barua, na binti anaozwa kwa Bucklaw. Usiku wa harusi anamchoma mumewe kisu, anarukwa na akili, kisha anakufa. Edgar naye anamezwa na mchanga wa pwani unaodidimia, kama ulivyosema utabiri wa kale. Opera ya Donizetti ya mwaka 1835 ilikieneza kisa hiki kote Ulaya, na ikauimarisha usomaji huo.

Usomaji huo una upungufu. Utabiri unaeleza Edgar atafia wapi. Hauelezi kwa nini ni fukara. Jibu la swali hilo limo katika sheria. Scott, ambaye tangu mwaka 1806 alikuwa mmoja wa makarani wa mahakama ya juu ya madai huko Edinburgh, aliielewa kazi ya hati na madeni. Ashton hakuiteka ardhi kwa upanga. Aliipata kwa mashauri, katika nchi ambamo haki ilifuata chama kilichoshika serikali. Ukarimu wake kwa Edgar unaongezeka kila anapohofia kwamba chama hicho kitaanguka na hukumu kupinduliwa. Hata posa, basi, imo katika hesabu za ardhi.

Hata hivyo, Scott hawapambi makabaila. Caleb, mtumishi mzee wa Ravenswood, anapoteremka kijijini Wolf's Hope kudai siagi na mayai kwa desturi ya mababu, wanakijiji wanamletea mwanasheria wao na kumwonyesha kuwa hawadaiwi kitu. Mchimba makaburi naye anawalaumu waziwazi mabwana wa zamani, ambao kwa ubadhirifu wao walijiangamiza pamoja na waliowategemea. Sheria iliyomnyang'anya Edgar ndiyo iliyomkomboa mkulima. Mhakiki anayemlilia Edgar peke yake ameisoma nusu ya riwaya.

Hukumu hiyo ya watu wa chini inatolewa kwa lugha yao. Wakuu wanazungumza Kiingereza sanifu. Caleb, mchimba makaburi na vikongwe wanaowaosha maiti wanazungumza Kiskoti. Vikongwe hao wanaitazama harusi na kuihesabia siku za mazishi, wakikumbuka pia nani hutoa sadaka na nani ni bahili. Ni rahisi kuichukulia lugha yao kama kitu cha kuchekesha, na kwa Caleb kicheko kipo kweli. Lakini Lucy, ambaye katika riwaya nzima amesema Kiingereza cha adabu, na mara nyingi amenyamaza wengine wakimsemea, anatamka sentensi yake ya mwisho kwa Kiskoti, akibebwa kuvuka kizingiti. Ni maneno machache ya dhihaka juu ya bwana harusi. Lugha ya nyumba ya babake haikumpa nafasi ya kukataa; alipokataa, aliazima lugha ya watumishi.

Hapa mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa na mtihani. Akiyafasiri mazungumzo yote kwa Kiswahili sanifu, sentensi hiyo itapita bila kusikika. Akiwapa watumishi Kiswahili kibovu, atakuwa amewadhalilisha, maana Kiskoti si Kiingereza kilichoharibika: kilikuwa lugha ya ikulu na ya washairi kabla ya mfalme wa Uskoti kurithi kiti cha Uingereza mwaka 1603. Kimvita na Kiamu vinafaa zaidi, kwa kuwa navyo vilikuwa na ushairi uliokomaa kabla ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Ulinganifu huo si kamili, kwani lahaja hizo hazikuwa alama ya utumishi. Lakini unahifadhi heshima ya msemaji.

Dosari ya riwaya ni kwamba Lucy anabaki mbali mno na msomaji. Mateso yake yanasimuliwa kupitia kwa mama mkali na mganga aliyeletwa kumtisha, na fikra zake mwenyewe hazifunuliwi. Scott alimpa kila mwanakijiji ulimi, akamnyima binti wa bwana hadi saa ya wazimu. Kama huo ni udhaifu wa mtunzi au ni shutuma yake kwa nyumba ile, maandishi yenyewe hayakati shauri. Lililo wazi ni kwamba tafsiri itakayoipoteza sentensi ile moja itakuwa imemnyamazisha Lucy mara ya pili.