Kitabu cha polisi juu ya inchi yetu

Vitabu viwili vya Mfransa Jean-Christophe Grangé, Lontano (2015) na Congo Requiem (2016), vimepita katika seminari toka kitanda hata kitanda. Mseminari mmoja alituletea vyote viwili, akatuuliza: «Padri, kusoma hivi ni zambi?» Tuliona afazali tusome kwanza, ndipo tumjibu.

Habari ni hii. Mzee Grégoire Morvan, mkubwa wa polisi huko Paris, alipata sifa zamani za Mobutu kwa kumkamata mwuaji mmoja, Mtu wa Misumari, katika Lontano, mji wa migodi wa Katanga. (Wandugu, msiutafute katika ramani: mwandishi ameutunga.) Nyuma ya miaka mingi watu wanauawa tena kwa namna ileile, huko Ufaransa. Erwan, mtoto wake, naye mpolisi, anaishika kazi. Amechoka, usingizi hana, amani hana. Katika kitabu cha pili anakuja mpaka Katanga, anaingia katikati ya vita, apate kujua siku za baba yake.

Hapo mwandishi ameona jambo la kweli. Uchovu wa Erwan si wa miguu. Anamtafuta mwuaji, kumbe anatafuta zambi za baba yake, zile zisizoungamwa, na nyumba nzima inaugua nazo. Sisi tunaokaa katika kiti cha maungamo tunawajua watu wa namna hii: wanasimulia makosa ya jirani kwa muda mrefu, mpaka neno lao wenyewe litoke. Kurasa zile tungeweza kuzisoma pamoja na katekista yeyote.

Lakini Katanga yake! Misumari ile imetoka katika minkisi ya Wayombe, upande wa bahari. Si desturi ya Walunda wala Wasanga. Mwandishi mwenyewe anawataja Wayombe, ni haki kusema. Hata hivi msomaji wa Paris atafunga kitabu akiwaza kwamba Kongo yote ni pori moja la uchawi. Tena wasichana waliouawa Lontano wana majina, na watu wa kuwaulizia. Lakini weusi wanaokufa vitani wanapita tu. Pembeni ya ukurasa mmoja mseminari wetu aliandika: «Na hawa ni nani?»

Neno hilo limetuuma, kwa kuwa tunakaa Kolwezi. Mwezi wa Juni 2019 wachimbaji zaidi ya 30 walifukiwa na udongo katika mgodi karibu na hapa. Hadisi za polisi zinataka mkosaji mmoja, mwenye alama yake. Kwa vifo vile utamkamata nani? Kuna shimo, kuna njaa, kuna mnunuzi wa mawe na mizani yake, kuna sisi mapadri tunaopokea sadaka siku ya Mungu bila kuuliza imetoka wapi. Grangé hakuandika hadisi hiyo, wala hatumlaumu, si yake.

Mseminari tumemjibu: si zambi. Kurasa za ukatili na uchafu azipite, nazo ni nyingi. Kitabu cha pili ni kirefu kupita lazima. Na wakatekumeni asiwaazime.