Nakala ilipokatika GitLab, hatari ilikuwa kwenye matengenezo

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, seva kuu ya hifadhidata ya GitLab.com, huduma ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, ilikuwa na data za gigabaiti 300 hivi. Muda mfupi baadaye zilikuwa zimebaki 4.5. Hakuna diski iliyokufa wala mdukuzi aliyeingia. Data zilifutwa na mhandisi wa kampuni yenyewe, aliyekuwa kazini kurekebisha urudufishaji uliokatika kati ya seva mbili. GitLab waliandika kila hatua hadharani, wakarusha hata matengenezo mubashara kwenye YouTube, na kwa uwazi huo wanastahili shukrani ya kila anayelinda data za watu wengine. Mtu akiifuata taarifa yao hatua kwa hatua anaona kwamba kukatika kwenyewe hakukupoteza hata rekodi moja. Kilichopoteza ni namna tatizo lilivyoshughulikiwa.

Mpangilio ulikuwa wa kawaida. Seva moja ya PostgreSQL ilipokea maandishi yote, ya pili ikafuata nyuma ikinakili, tayari kushika usukani ya kwanza ikianguka. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye logi inayoitwa WAL, kisha seva ya pili huisoma logi hiyo na kurudia mabadiliko yaleyale kwa mfuatano uleule. Seva kuu haiwezi kutunza logi zote milele. Hubakisha kiasi, za zamani ikazifuta ili diski isijae.

Jioni ile mzigo ulipanda ghafla. Watumaji taka walikuwa wanaishambulia huduma, na wakati huohuo kazi ya nyuma ya pazia ilikuwa inafuta akaunti ya mfanyakazi wa GitLab, pamoja na vitu vyake vyote, baada ya mtu kumripoti kwa hila. Seva ya pili ikaanza kubaki nyuma. Ilipofika saa 5 usiku kwa saa za UTC, logi ilizokuwa bado inazihitaji zilikuwa zimekwisha kufutwa kwenye seva kuu. Ni sawa na muuza duka aliyechaniwa kurasa tatu za daftari la madeni: anaweza kuendelea kuandika kuanzia leo, lakini hesabu haitakaa sawa tena.

Hapa ndipo mafundi wengi hupoteza muda, kwa kuwa swali la kwanza wanalouliza ni kama mtandao upo. Swali lenye faida ni jingine: je, pande mbili bado zina mahali pamoja pa kuanzia? Mitambo mikubwa ya hifadhi ina sheria hiyohiyo. Kwenye SnapMirror ya NetApp, kwa mfano, chanzo na kipokezi lazima viwe na snapshoti moja inayofanana, yaani picha ya data zilivyokuwa wakati mmoja. Mawasiliano kati ya vituo viwili yakikatika kwa wiki, na huku chanzo kimefuta snapshoti hiyo ili kupata nafasi, laini ikirudi haitasaidia kitu. Itabidi kunakili upya tangu mwanzo. Na kunakili upya si jambo dogo: terabaiti 10 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua siku 9 na ushee, hata kama laini hiyo haina kazi nyingine yoyote. Ndiyo maana muda wa kutunza snapshoti au logi hupangwa kwa kuangalia katizo refu zaidi unaloweza kulipata, wala si kwa kuangalia siku za kawaida. GitLab hawakuwa wanahifadhi logi zao za WAL mahali pengine. Wangezihifadhi, seva ya pili ingezichukua huko na kuendelea, na usiku ungeishia hapo.

Ikabaki njia moja: kufuta saraka ya data kwenye seva ya pili na kuijaza upya kwa amri ya pg_basebackup. Amri ikakataa, ikilalamika kwamba max_wal_senders, yaani idadi ya miunganisho ya kunakili inayoruhusiwa, kwenye seva kuu ni ndogo. Wakaipandisha kutoka 3 hadi 32. Seva kuu ikagoma kuwaka tena, kwa sababu max_connections ilikuwa 8,000, kubwa kupita kiasi. Wakaishusha hadi 2,000, ikawaka. Wakarudi kwenye pg_basebackup. Sasa haikulalamika tena. Ilikaa tu, kimya, haionyeshi chochote kwenye skrini hata ilipoombwa itoe maelezo marefu.

Kimya kile ndicho kiini cha tukio zima. Haikuwa imekwama. Ilikuwa inasubiri seva kuu ianze kutuma data. Kwa kawaida pg_basebackup huomba kwanza chekipointi, yaani seva kuu iandike kwenye diski mabadiliko yote yaliyo kwenye kumbukumbu, na isipoambiwa vingine seva hufanya hivyo polepole ili isiwaumize watumiaji. Dakika kadhaa zinaweza kupita bila hata baiti moja kusafiri. Mbele ya skrini hiyo yupo mtu ambaye mapema usiku ule alikwisha sema kwamba anataka kuaga kwa kuwa saa zimekwenda, naye anafikiria: labda majaribio ya awali yameacha faili kwenye saraka, na amri hii inataka saraka tupu. Ni wazo la busara kabisa. Akaamua kuisafisha. Dirisha alilokuwa nalo lilikuwa la db1, yaani seva kuu, siyo db2, ile ya pili. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akasimamisha amri. Muda ulikuwa umekwisha mpita.

Wengi walioisimulia habari hii wameishia kwenye majina yanayotofautiana kwa tarakimu moja. Mimi naona kosa la jina lingeweza kumpata yeyote, na kitu cha kuondoa ni ile amri ya kufuta. Saraka ikibadilishwa jina kwa amri ya mv badala ya kufutwa, kazi hukamilika papo hapo. Faida yake ni kwamba ukikosea seva, huduma itayumba lakini faili zote zipo. Gharama yake ni nafasi ya gigabaiti 300 zaidi kwenye seva ya pili hadi nakala mpya ithibitishwe. Hiyo ni bei ndogo mno.

Bakapu nazo hazikuwepo. Zile za kila siku zilishindwa kwa sababu pg_dump ya toleo la 9.2 ilikuwa inaelekezwa kwenye hifadhidata ya 9.6, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani kwa kukosa saini ya DMARC inayothibitisha mtumaji. Kilichookoa ni snapshoti ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya jaribio lisilohusiana na tatizo hili. Diski zilizokuwa nayo zilikuwa za polepole, hivyo huduma ilirudi kesho yake saa 12 na dakika 14 jioni. Namba za rekodi zilirushwa mbele kwa 100,000 ili namba zilizokwisha tumika zisitolewe tena. Miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700 hazikurudi, ingawa hazina za Git zenyewe, yaani faili za programu, zilisalimika.

Anayetumia pg_basebackup leo anaweza kuongeza --checkpoint=fast ili chekipointi ifanyike mara moja, kwa gharama ya msukosuko mfupi kwenye diski za seva kuu. Na tangu toleo la 10 la PostgreSQL, lililotoka Oktoba 2017, ukiiomba itoe maelezo, amri hiyo huandika mstari mmoja kabla ya kuanza: kwamba inasubiri chekipointi ikamilike.