Swali la Kiima na Swali la Yambwa

Katika Kiingereza, "Who paid the agent?" na "Who did the agent pay?" ni maswali yasiyochanganyika. La kwanza laulizia kiima, na kitenzi hubaki kama kilivyo. La pili laulizia yambwa. Hapo kitenzi-saidizi "did" humtangulia kiima na kubeba wakati uliopita. Mwalimu aelezaye jambo hili kwa Kiswahili hana budi kuwa na majina mawili. "Swali la mtenda" na "swali la mtendwa" huvutia kwa wepesi wake, lakini sisi hatuyakubali. "Who was paid by the agent?" laulizia mtendwa, na hata hivyo halina "did", kwa kuwa mtendwa huyo ndiye kiima. Mwanafunzi aliyelelewa na majina hayo ataipachika "did" pasipo mahali pake, na kosa litakuwa la istilahi kabla ya kuwa lake. Wapendao "shamirisho" badala ya "yambwa" hatuna ugomvi nao, mradi kitabu kimoja kisitumie yote mawili kwa dhana ile ile.

Kwa mfasiri jambo ni zito zaidi. Tuchukue Tunduma, mpakani mwa Zambia, penye malori na mawakala wa forodha. Tuseme pamezuka shauri la malipo, na maswali yale mawili ya mwanzo yanafasiriwa ili shahidi aulizwe. Mfasiri aandika: "Ni nani aliyemlipa wakala?" Ni Kiswahili safi, na ni fasiri ya swali la kwanza, kwa bahati mbaya ni fasiri ya la pili pia. Katika kishazi rejeshi, Kiswahili huruhusu kiima kifuate kitenzi, hivyo "mtu aliyemlipa wakala" aweza kuwa mtoaji wa fedha au mpokeaji wake. Wote wawili ni wa ngeli moja, na viambishi havituamulii. Shahidi akijibu, "Dereva," fedha zimetoka mfukoni mwa nani? Utata huo haupo katika "Ni fedha gani alizolipa wakala?", maana fedha haziwezi kugombea kiima cha kitenzi hicho.

Tunapendekeza kishazi rejeshi kiepukwe katika hojaji na hati za ushahidi, pale ambapo kiima na yambwa ni watu wa nafsi ya tatu wa idadi moja. Iandikwe "Nani alimlipa wakala?" kwa swali la kiima, na "Wakala alimlipa nani?" kwa swali la yambwa.