Springi ya Kusaidia

Pikapu tupu haina adabu. Ikikanyaga jiwe, nyuma inaruka, jeki na spana zinacheza ngoma kwenye bodi, na aliyedandia huko anajuta kuomba lifti. Ipakie tani moja ya mahindi, itatulia. Ila sasa itachuchumaa, pua juu, na usiku taa zitamulika matawi badala ya barabara. Gari ni lile lile, springi ni zile zile, wala hakuna kilichoharibika. Springi ya nyuma ya gari la mizigo hupangwa kwa ajili ya uzito ambao siku nyingi haupo, na siku unapokuwepo umezidi.

Kati ya kazi zote zinazofanyika chini ya gari, hakuna ninayoihusudu kama ya fundi anayeitatua shida hiyo kwa kuongeza koili juu ya difu bila kuzing'oa springi za pleti. Haina sifa mtaani. Injini ikifungwa vizuri inanguruma na watu wanageuka. Koili iliyokaa sawasawa hakuna anayeinama kuitazama.

Gereji nyingi hukimbilia njia nyepesi, ambayo ni kuongeza pleti. Fundi anafungua yu-bolti, anachomeka pleti moja au mbili nene, anakaza, na gari linanyanyuka papo hapo. Mwenye gari anafurahi mpaka siku atakayosafiri bila mzigo. Pleti ikishaingia iko kazini muda wote, uzito uwepo usiwepo. Tena pleti husuguana. Msuguano huo una faida yake, maana huzuia gari kubembea hata shokapu zikiwa zimechoka, lakini kwenye mawimbi madogo madogo ya barabara ya vumbi springi nene hugoma kabisa kujikunja. Pigo linatoka kwenye tairi, linapita kwenye difu, linaingia kwenye chesisi, na kiuno cha dereva ndicho kinachomalizia. Anayeijua njia ya kutoka ukingo wa Ngorongoro kushuka hadi Naabi Hill, kwenye lango la Serengeti, hahitaji kuelezwa. Mawimbi yale yamefungua nati nyingi kuliko spana.

Koili haina ugomvi huo. Ni waya mnene wa chuma uliozungushwa, na ukiubana, chuma chenyewe hujisokota kidogo katika urefu wake wote, kisha kikarudi. Ila haijui kushika. Springi ya pleti inafanya kazi mbili kwa mpigo: inabeba mzigo, na inaishika difu isikimbie mbele, nyuma wala pembeni. Ukiitoa ukaweka koili peke yake, difu inabaki haina mwenyewe. Itabidi uitengenezee mikono ya kuivuta, uiwekee fimbo ya chuma ya kuizuia upande, uchomelee vishikio vipya, na pembe moja ikikosewa gari litatembea kimshazari.

Wapo wanaoifanya kazi hiyo yote, na wanaifanya vizuri. Toyota walipobadilisha Land Cruiser za familia ya 70 mwaka 1999, mbele waliweka koili, nyuma wakaacha pleti. Kila aliyeendesha pikapu ya familia hiyo, ile ya 79, anaujua utengano wake: mbele inakubembeleza, nyuma inakupiga teke. Australia, ambako gari hilo linapendwa na wakulima na wasafiri wa nyikani, kuna karakana zinazotoa pleti zote na kuweka koili pande nne, na wakiwa huko chini huipanua na difu, kwa kuwa tangu mwaka 2007 magurudumu ya nyuma yamekaa ndani kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 10, ukijumlisha pande zote mbili. Ni kazi safi na ya gharama. Lakini gari linalobeba madumu ya maji na mahema kwenda Ziwa Natron linahitaji kitu ambacho kikikatika njiani bado kitaifikisha difu nyumbani, na pleti, hata iliyopasuka, hufungwa kwa kamba na kipande cha gogo ikafika.

Kwa hiyo namsifu anayeongeza. Wala asidharauliwe kwamba anabahatisha uchochoroni. Range Rover ya mwaka 1970, iliyotoka na koili pande zote nne wakati Land Rover ya kawaida ilikuwa bado inarukaruka juu ya pleti, iliwekewa nyuma, katikati ya difu, kifaa cha ziada cha kuinyanyua ikilemewa. Land Rover yenyewe ilipohamia koili mwaka 1983, na baadaye likatoka lile refu la 130, nyuma yake ilifungwa koili ndogo ndani ya koili kubwa. Wahandisi wenye karatasi na kompyuta waliona kwamba springi moja haiwezi kuutumikia utupu na shibe kwa pamoja.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Robert Hooke, Mwingereza, aliificha kwenye fumbo la herufi mwaka 1676 na kuifumbua mwaka 1678: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito unaoipata. Na mbili zikisimama sambamba, ugumu wake hujumlishwa. Ustadi uko kwenye kuamua zianze kujumlishwa lini. Fundi mzuri anatoa pleti moja nene ya chini ili gari tupu lipate ulaini, kisha anafunga koili huku akiiachia nafasi kidogo kati yake na chesisi. Gari likiwa tupu koili imekaa tu. Ukipakia, difu inapanda, nafasi inakwisha, na ya pili inaingia kazini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Koili yetu inautazama mzigo wa mwenzake kwa umbali wa vidole viwili, na zamu yake ikifika haitasema hivyo.

Kuchagua koili ndiko kunakotenganisha fundi na mchomeleaji. Nyingi hutoka kwenye magari madogo yaliyokufa, zimerundikwa pembeni zikiwa na kutu, na kwa macho zinafanana. Hazifanani. Waya wa milimita 13 una ugumu unaozidi ule wa milimita 12 kwa zaidi ya theluthi, mizunguko ikiwa sawa na upana sawa, kwa sababu unene huo huhesabiwa kwa kipeo cha nne. Na hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: koili ikiwa ndefu, watu huikata ili iwe fupi wakidhani inakuwa pia laini. Kinyume chake. Yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukikata mmoja, inaongezeka ugumu kwa moja ya tano, maana kujisokota kulikogawanywa kwa sita sasa kunabebwa na mitano. Ukiikata kwa moto wa gesi unaongeza dhambi nyingine: chuma kilichopikwa kiwandani kwa joto la kupimwa kinapoteza uimara wake karibu na mkato. Mwenye subira hukata kwa diski, polepole, huku akimwagia maji.

Halafu kuna suala la mahali pa kuikalisha. Springi ya pleti imefungwa mbele kwa pini isiyosogea, na nyuma kwa kishikio kinachobembea. Ikilemewa inanyooka, na ikinyooka inarefuka, kwa hiyo difu haipandi wima. Inapanda huku ikirudi nyuma kidogo. Anayechomelea kikombe cha chini moja kwa moja chini ya cha juu, gari likiwa tupu juu ya mawe, ataona siku ya mzigo koili imepinda tumbo na kuanza kusugua chesisi. Nimemwona fundi mmoja akipiga mstari wa chaki kwenye difu, akiwaita vijana wa gereji wapande wote nyuma na mifuko ya saruji juu yao, akachora mstari wa pili, kisha akasimamisha kikombe mbele ya mstari wa kwanza kwa unene wa kidole. Gari tupu, koili ilionekana imekaa upande. Mwenye gari alilalamika. Fundi hakumjibu, aliendelea kuwasha mashine.

Chesisi nayo ina haki yake. Pleti hupeleka uzito kwenye ncha mbili zilizo mbali. Koili inasukuma katikati, pahala ambapo waliosanifu gari walitarajia raba ya kuzuia difu tu. Ukichomelea kikombe hapo bila bamba refu la kutawanya nguvu, au ukapitisha mshono wa kuchomelea kukata ukingo wa chini wa chesisi, ufa utaanzia hapo hapo. Na shokapu za zamani hazitoshi tena, kwa sababu msuguano wa pleti umepungua na kuna springi mpya ya kutuliza. Fundi niliyemtaja hukata utepe mwembamba wa mpira wa tyubu na kuufunga kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, chini kabisa karibu na mwili wake, kisha anampa dereva gari akalizungushe kwenye mashimo. Wakirudi, anainama kutazama mpira umesukumwa hadi wapi. Ukifika mwisho wa fimbo, koili ni laini mno. Ukisogea kidogo tu na mzigo upo, ni ngumu mno, na kazi inaanza upya.

Wengi husahau breki. Kwenye pikapu nyingi kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye difu hadi kwenye vali iliyo juu, ambayo hupima gari limeshuka kiasi gani na kuyapa magurudumu ya nyuma nguvu ya breki kulingana na mzigo. Ukilinyanyua gari kwa koili, vali inadanganyika kwamba halina kitu, na breki za nyuma zinapewa kidogo wakati tani nzima iko mgongoni. Fimbo hiyo isiporekebishwa, kazi yote niliyoisifu ni hatari iliyopakwa rangi. Isitoshe, koili haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa beringi, wa difu wala wa tairi. Gari halichuchumai tena, na dereva anashawishika kuongeza gunia. Mizani ya barabarani haitazami makalio ya gari.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo yu-bolti hukazwa tena, kwa sababu pleti zilizopunguzwa hujipanga upya na nati hulegea. Fundi humwambia dereva arudi wiki inayofuata, na dereva huitikia kwa nguvu zote. Wachache hurudi. Wengine huonekana miezi kadhaa baadaye, senta bolti inayozishika pleti pamoja imekatika na difu imesogea, wakiuliza ni nani aliyewafungia koili mbovu.