Hongera, Mafundi Saa wa Tunduma

Ikiwa saa 4 asubuhi Tunduma, Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ni saa 3. Madereva wa malori, mawakala wa forodha na wachuuzi wanaovuka kila siku huishi kwa hesabu hiyo. Saa ya mkononi ikisimama, mipango ya mtu huvurugika. Ndiyo maana mafundi saa wa mji huu wanastahili pongezi.

Kubadilisha betri ya saa kunahitaji macho makali na mkono mtulivu. Fundi hubandua mfuniko wa nyuma na kusoma namba ya betri iliyokwisha. Namba 626 ni betri yenye kipenyo cha milimita 6.8 na unene wa milimita 2.6, na 2032 ni milimita 20 kwa 3.2. Fundi makini huishika betri mpya kwa kibano cha plastiki, kwa kuwa chuma kikigusa pande zote mbili, umeme wake hupotea. Husafisha ulikaji uliosababishwa na betri iliyovuja, hukagua mpira unaozuia maji, kisha hufunga. Ndani, kipande cha kwatzi huanza tena kutetema mara 32,768 kwa sekunde.

Kwa gharama ndogo, saa ya urithi au ya zawadi huokolewa isitupwe. Hongereni sana, mafundi wetu. Wafundisheni vijana wa mkoa wetu wa Songwe ujuzi huu, nasi tuwalipe bila kuwapunja.