Mayowe Yapigwe Mchana

Wenzetu wanataka kupiga filamu ya kutisha Gitega na Muyinga wakati wa likizo, nami nimesoma mpango wao. Hadithi yenyewe ni nzuri: msichana anarudi kwa bibi yake na kukuta taa inawaka katika nyumba isiyo na mtu. Ratiba ndiyo inayonitia shaka. Kila tukio la usiku limepangiwa usiku, siku nne mfululizo, kuanzia saa tatu hadi alfajiri.

Kamera ikikosa mwanga hutoa chenga, na mtazamaji anayeona chenga haogopi, anachoka. Giza la filamu hutengenezwa kwa mwanga mdogo uliowekwa mahali pake: upande mmoja wa uso, ukingo wa mlango, basi. Wenzetu wanajitetea kwa The Blair Witch Project ya mwaka 1999, iliyopigwa porini kwa siku nane hivi. Mfano huo hauwafai. Mle waigizaji wenyewe ndio walioshika kamera, kwa hiyo taa ya kamera ilikuwa sehemu ya hadithi. Msichana wetu hana kamera.

Kisha kuna jioni. Kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na baada ya dakika 20 hivi giza limeshaingia. Picha ya msichana akishuka kilima chini ya anga la bluu inazitaka dakika hizo zote, ila mpango umeipanga pamoja na picha nyingine tatu za nje, tena siku ya safari ya kutoka Gitega kupitia Karuzi! Ipigwe picha moja kila jioni, na saa kumi na moja na nusu mazoezi yawe yamekwisha.

Lakini neno langu kubwa ni mayowe. Bibi anapiga mayowe saa sita usiku, juu ya kilima cha Muyinga chenye watu waliolala. Kwenye mswada ni maigizo. Kwa jirani ni induru, na anayesikia induru hutoka kusaidia. Wengi waliopitia vita vilivyoanza mwaka 1993 hawajasahau sauti za usiku. Kumwarifu mkuu wa kilima ni lazima, ila hakumfikii mzee aliye nyumba ya kumi.

Tukio hilo lipigwe saa nane mchana, ndani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, majirani wameitwa waone. Hata kwa mwanga ni afadhali: koroboi iwe mezani, na balbu ndogo ifichwe nyuma ya chungu ili kuisaidia, maana koroboi peke yake haitoshi kuonyesha uso wa bibi.

Usiku wa kweli ubaki mmoja: ile taa ikionekana kutoka ng'ambo ya bonde. Picha hiyo haina kelele, na watu watatu wanatosha kuipiga.